Ukiipenda bendi ya nyumbani, panda mathree ukaione

Wiki mbili zilizopita tulitoka Thika kwenda Nairobi, mabeshte wanne, tumevaa nyeusi kutoka kofia hadi viatu. Mama yangu alitukagua pale mlangoni akauliza, "Kwani leo ni matanga ya nani?" Nikamwambia tunaenda kusikiza bendi. Bendi gani? Ya panki. Akanyamaza kidogo, kisha akanionya nisile chochote huko kabla ya kuomba.

Simlaumu. Mwaka 1994, Mama akiwa bado msichana wa shule, Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Kama serikali yenyewe inamtafuta shetani, mzazi atafanya nini akiona kijana ana gita na nywele zimesimama kama amepigwa na stima? Hofu ya wakati ule haijaisha. Imehamia tu kwa watoto.

Bendi tuliyoifuata ni Crystal Axis, vijana wa Nairobi. Kama huwajui, tafuta wimbo wao Leopold. Unamhusu mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo kuwa shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, watu wakakatwa mikono kwa sababu ya mpira. Kisha tafuta Nyayo House. Huo ndio uliotufanya tupande gari.

Mmoja wetu ana diploma ya umeme, amesaka kazi miaka mitatu, na siku ile alikuwa na tiketi ya ndege ya kwenda Qatar kuwa bawabu. Hiyo ilikuwa safari yetu ya mwisho pamoja kabla hajaondoka. Bendi ilipoanza kuupiga Nyayo House, alininong'oneza, ama tuseme alinipigia kelele sikioni: "Nyayo House gani? Ile nilichukulia pasipoti?"

Ndiyo, ile ile. Miaka ya themanini, wakati wa msako wa Mwakenya, chini ya jengo hilo kulikuwa na vyumba ambamo Wakenya walipigwa, wakanyimwa chakula, wakafungiwa kwenye maji. Vyumba hivyo vilifunguliwa umma uvione mwaka 2003, na mahakama zetu zimeamuru waathiriwa walipwe fidia. Si siri. Lakini beshte yangu ana miaka 25, alipiga foleni juu ya seli hizo, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, yeye alimaliza, na kwa jambo hili tulikuwa sawa kabisa. Sikumbuki mwalimu hata mmoja akitutajia vyumba vile. Nilivijua kwa sababu ya wimbo, halafu nikaenda kusoma.

Na tusijidanganye kwamba ni mambo ya kale. Tangu maandamano ya Juni 2024 tumesikia vijana wakichukuliwa na watu wasiojitambulisha. Ukumbi mzima ulipokuwa ukiimba ule wimbo, hakuna aliyekuwa akifikiria miaka ya themanini peke yake.

Najua mtakachosema: huo ni muziki wa wazungu. Wasee, gita la umeme limekuwa letu tangu babu zetu wacheze benga. D.O. Misiani na Shirati Jazz walikuwa wakipiga gita kwa kasi ambayo ingemtoa jasho panki yeyote wa London. Joseph Kamaru aliimba kuhusu kuuawa kwa J.M. Kariuki mwaka 1975, na serikali haikufurahia hata kidogo. Kule Johannesburg, National Wake walikuwa weusi na weupe kwenye bendi moja ya panki wakati ubaguzi ulikuwa sheria. Kuwaudhi wakubwa kwa gita si tabia tuliyoiokota juzi mtandaoni.

Wengine watasema, si nitasikiza tu bure kwa simu? Sikiza, hakuna shida. Lakini simu haitakupa nilichokiona usiku ule. Pale mbele watu walikuwa wanasukumana kwenye duara, mabega kwa mabega. Ukitazama kwa mbali utadhani ni vita. Beshte yangu akateleza, akaanguka. Kabla sijamfikia, mikono kama sita ilikuwa imeshamwinua, na dada mmoja ambaye hatumjui alikuwa ameinua kiatu chake juu akiuliza ni cha nani. Nimewahi kuanguka nikipigania mathree saa za jioni mjini. Hakuna aliyeniinua.

Sasa tuongee pesa, kwa sababu hapo ndipo tunapowaangusha hawa wasanii. Kila mmoja wetu alitumia hivi: nauli ya Thika hadi mjini 150, mjini hadi Westlands 50, kiingilio 500, mchango wa teksi ya kurudi mjini saa nane usiku 100, chips 150, na nauli ya kurudi Thika alfajiri 200. Jumla Sh1,150. Kwa mtu anayeishi kwa vibarua vya kuandika, hiyo si doh ya kuchezea.

Lakini angalia upande wa bendi. Tulikuwa kama watu themanini. Hata kila mtu akilipa, ni Sh40,000. Toa ukumbi, vyombo, fundi wa sauti na usafiri wa ngoma, halafu wagawane kinachobaki. Na si kila mtu alilipa. Pale mlangoni kulikuwa na jamaa mwenye simu ya bei kuliko gita, anasisitiza kwamba anamjua mpiga ngoma kwa hivyo aingie bure. Ndugu, kama unamjua, ndiyo sababu ulipe.

Jambo la pili ni kumbi. Kwa nini vijana wa Thika, Machakos au Kisii wasafiri hadi Westlands ndiyo waone bendi ya aina hii? Mitaani tuna kumbi za umma zilizojengwa kwa kodi. Zinakodishwa kwa harusi, kwa mikutano ya siasa, kwa maombi, sawa. Mwaka jana mimi na wenzangu tuliulizia ukumbi mmoja kwa ajili ya shoo ndogo ya mchana. Tukaulizwa kama ni ya kwaya. Tuliposema ni panki, ghafla ukumbi ukawa umeshachukuliwa, tena kila Jumamosi hadi Desemba. Ninachoomba kwa kaunti si msaada. Wekeni bei moja na kanuni moja kwa kila anayekuja, awe na kwaya au gita, na mkituona tumevunja kiti, tutozeni.

Tulifika nyumbani jua likichomoza. Mama alikuwa ameshaamka, anachemsha chai. Akauliza walikuwa wakiimba nini hao watu wenu. Nikamwambia wimbo mmoja ni wa Nyayo House. Akaweka sufuria chini. Akasema alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa akishusha sauti kila akitaja jina hilo, hata ndani ya nyumba yake. Tukaongea hadi chai ikapoa. Katika miaka yangu yote sikuwa nimewahi kumsikia akizungumzia siku hizo, na bila lile gita tunaloliogopa labda nisingemsikia.

Beshte yangu aliondoka Jumapili. Sisi tuliobaki tumeanza kuweka mia moja kila wiki kwa ajili ya shoo ijayo. Wewe pia tafuta bendi iliyo karibu nawe, ya panki au ya benga, upande gari uende. Na ukifika mlangoni, usitaje jina la mtu. Toa mia tano.