Jiwe Hukaa, Elimu Huhama

Neno letu "madini" asili yake ni Kiarabu, nalo limetokana na kitenzi chenye maana ya kukaa mahali na kutulia hapo. Kilichomo ardhini hakiondoki. Hukaa pale pale karne na karne. Elimu haiko hivyo. Elimu hukaa kwa anayeihudumia, na akiipuuza huhamia kwa mwingine.

Tunayakumbusha haya kwa sababu siku hizi yanazungumzwa sana madini mkakati: nikeli, kinywe, kobalti na madini adimu, ambayo kwayo hutengenezwa betri na sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Tunaambiwa kuwa sisi ni matajiri. Je, utajiri ni kuwa na jiwe?

Natutazame yaliyowasibu Marekani. Madini adimu ni elementi 17 zinazofanana mno kwa tabia. Ugumu mkubwa uko katika kuzitenganisha moja na nyingine, kazi inayopita hatua mamia kwa mamia za kemikali. Katika miaka ya 1940 na 1950, maabara ya Ames katika jimbo la Iowa, chini ya mkemia Frank Spedding, ilikuwa miongoni mwa zilizofungua njia ya kazi hiyo duniani. Na mgodi walikuwa nao, Mountain Pass huko California. Lakini kazi ile ilipokuwa nafuu zaidi kufanyika China, ikahamia China, na mwaka 2002 mgodi ukasimama. China ilipopunguza mauzo yake ya nje mwaka 2010, bei zikapaa, na taifa lile kubwa likajikuta mikononi mwa mwingine. Hata mgodi ulipofufuliwa, makinikia yake yaliendelea kupakiwa melini kwenda kusafishwa China, hadi mwaka 2025. Jiwe lilikuwa California, lakini elimu ilikwisha kuhama.

Walifanya nini? Mwaka 2013 Wizara yao ya Nishati iliunda taasisi ya utafiti wa madini hayo, ikaiweka chini ya maabara ile ile ya Ames, na kuitengea hadi dola milioni 120 kwa miaka mitano. Maabara za taifa, vyuo vikuu na makampuni viliwekwa katika safu moja na kupewa maswali matatu: tupate wapi kwingine madini haya, tutumie nini badala yake, na tuyarejeshe vipi kutoka katika vifaa vilivyokwisha kutumika?

Swali la pili linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Lakini leo magari mengi ya umeme yanatumia betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti wala nikeli. Basi anayekaa juu ya jiwe lake akingojea bei ipande, ajue kuwa wenzake hawajalala maabarani, na miongoni mwao wapo wanaotafuta namna ya kutolihitaji kabisa.

Hapana shaka, Tanzania imechukua hatua. Mwaka 2017 ilizuia makinikia kusafirishwa nje, na sheria ya mwaka huo ikaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Hatua hizo tunaziunga mkono. Lakini hisa ni karatasi ya umiliki, na karatasi haitenganishi madini. Tazama Ngualla, mkoani Songwe, penye madini adimu. Mwaka 2023 Serikali ilitia saini na kampuni ya Australia, Peak Rare Earths. Mwaka 2025 kampuni hiyo ikanunuliwa na Shenghe Resources ya China. Biashara ni biashara, hatumlaumu aliyenunua. Tunauliza tu: elimu ya kulichenjua jiwe la Ngualla iko kifuani mwa nani? Kama haimo mwetu, basi tutabaki wapokea gawio katika nyumba yetu wenyewe. Na taka za kazi hiyo, ambazo mara nyingi huwa na thori yenye mionzi, zitapimwa na nani kwa niaba ya wanakijiji?

Atasema msemaji: sisi maskini, milioni 120 tutazitoa wapi? Jawabu ni kuwa tuanze na tulichonacho. Tunayo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Tunavyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma. Tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia. Viwekwe chini ya programu moja ya taifa, yenye madini machache yaliyochaguliwa na muda uliowekwa. Na kila mkataba wa mgodi uwe na sharti: sampuli za miamba na takwimu zake zibaki nchini, na vijana wetu wapate nafasi katika maabara za mwekezaji, si getini tu.

Nasi wazazi tunayo sehemu yetu. Mtoto anayependa kemia tusimvunje moyo kwa kumwambia kuwa haina ajira. Mlima wa Ngualla utaendelea kukaa pale ulipo. Aliye na haraka ni huyo mtoto, kwani miaka yake ya kusoma haimsubiri.

Wabillahi tawfiq.