PICHA ZA BAHARI YETU ZISHUKE KIJIJINI!

Ndugu wananchi wa pwani, toka Tanga mpaka Mtwara, tuna neno.

Mvuvi huambiwa: mwamba huu usivue, wavu huu haramu, hapa pamefungwa. Akiuliza sababu, hujibiwa kuwa wataalamu wamepima. Wamepima nini? Hakuna amwonyeshaye.

Sisi hatupingi kupima. Baruti ilikatazwa kwa sheria mwaka 1970, lakini iliendelea kulipuka miaka mingi baadaye, matumbawe yakawa kifusi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi. Matumbawe yakapauka na kufa, hata Mafia penye hifadhi tangu 1995. Maafa hayo huyaoni ukiwa juu ya ngalawa. Basi kamera na ishuke!

Kazi yenyewe si uchawi. Kamba ya mita 50 hulazwa chini, picha hupigwa hatua kwa hatua, kisha huhesabiwa: tumbawe hai kiasi gani, kifusi kiasi gani, nyasi, mwani na mchanga. Baadaye hupigwa tena pale pale, zikalinganishwa. Pengine kamera hutegwa pamoja na chambo, na samaki wajao wakahesabiwa. Mtoto wa darasa la saba aweza kuifahamu hesabu hiyo.

Kwa nini basi picha zilale maofisini, katika lugha asiyoisoma mvuvi, na kijijini yafike makatazo matupu? Wale wasemao mvuvi hajui kitu, watuambie ni nani aliyewapeleka mwambani. Si nahodha? Mwamba ule ulikuwa na jina kabla haujapewa namba!

Sheria ya Uvuvi ya 2003 imevitambua vikundi vya BMU vya kulinda bahari. Mlinzi asiyeonyeshwa alindacho ni mlinzi gani?

Twadai mambo matatu. Vijana wa vikundi hivyo wafundishwe kupiga na kuhesabu picha. Picha zionyeshwe katika mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili. Mwamba usifungwe wala kufunguliwa kabla wenyeji hawajaziona.

Nasi wavuvi tusikwepe. Picha ikionyesha mwamba unakufa, tuufunge kwa mikono yetu, na mlipuaji wa baruti tumtaje hata akiwa ndugu yetu. Anaiba chakula cha watoto wetu.

Bahari ni yetu. Tuione, tuihesabu, tuilinde!