Picha Moja kwa Mwezi

Majina ya majumba makubwa ya sanaa duniani huja yenyewe mdomoni: Louvre ya Paris, Prado ya Madrid, Uffizi ya Florence, Hermitage ya St Petersburg, Rijksmuseum ya Amsterdam, Metropolitan ya New York. Toleo hili linayatembelea, na waandishi wetu watakueleza uingilie mlango gani na uanzie chumba kipi. Lakini kabla hujafungua kurasa zao, naomba tukubaliane kuhusu kipimo. Wengi hupima ukubwa wa jumba kwa wingi wa picha zake, au kwa foleni inayojipanga mbele ya Mona Lisa. Mimi napima kwa jambo moja: jumba hilo linamtambua vipi mwananchi wa kawaida, yule asiye na cheo wala pesa, kuwa ndiye mwenye mali?

Mfano ninaourudia kila ninapobishana na watu juu ya jambo hili ni National Gallery ya London, tena katika miaka ambayo kuta zake zilikuwa tupu. Mwishoni mwa Agosti 1939, siku chache kabla ya Uingereza kuingia vitani, picha zilianza kusafirishwa kwenda Wales. Baadaye likaja wazo la kuzivusha bahari hadi Kanada, Churchill akalikataa. Mwaka 1941 zikahamishiwa ndani ya mlima, kwenye machimbo ya mawe ya Manod. Picha ya Van Dyck inayomwonyesha Mfalme Charles wa Kwanza juu ya farasi ilikuwa kubwa kiasi kwamba barabara ilibidi ichimbwe iende chini zaidi, ili lori liweze kupita chini ya daraja. Huku nyuma London ilipigwa mabomu, na jengo lenyewe halikusalimika. Katika vyumba vile vilivyobaki na alama za fremu ukutani, mpiga piano Myra Hess alianzisha maonyesho ya muziki ya mchana, na wafanyakazi wa maofisini walifurika.

Mwanzoni mwa 1942 barua ilitokea katika gazeti la The Times. Mwandishi wake aliomba kwamba, kwa kuwa jiji limejaa makovu, wakazi wake waruhusiwe kuona vitu vizuri, hata kama ni picha moja tu. Mkurugenzi wa wakati huo, Kenneth Clark, angeweza kujibu kwamba vita havijaisha na kwamba kazi yake ni kuhifadhi. Jibu la namna hiyo lingeeleweka kabisa. Badala yake wakaanza kuleta picha moja kutoka mlimani, ikae mwezi mzima, kisha ipishe nyingine. Jioni iliteremshwa mahali pa usalama chini ya jengo, asubuhi ikapandishwa tena.

Ya kwanza katika mfululizo huo ilikuwa ya Titian, iitwayo Noli me tangere, aliyoichora akiwa bado kijana, mnamo 1514. Si picha kubwa. Kimo chake kinazidi mita moja kidogo. Mariamu Magdalena amepiga magoti, mkono mmoja juu ya chombo cha marhamu, mwingine anaunyosha. Yesu mfufuka ameshika jembe, kwa maana Mariamu alimdhania mtunza bustani. Tazama kiwiliwili chake: anajikunja kuepuka ule mkono, na vazi jeupe analivuta asiguswe, lakini papo hapo ameinama juu ya Mariamu kana kwamba anamkinga. Kukataa na kufariji vimo ndani ya mwili mmoja. Sidhani palihitajika maelezo kwa watu waliosimama mbele ya picha hiyo, ambao kila mmoja alikuwa na mtu aliyempeleka vitani au aliyemzika.

Ndiyo maana nasema jumba lile halikupata kuwa kubwa kuliko lilipokuwa na picha moja. Watunzaji wake walikubali kuihatarisha kazi isiyo na mfano wake kwa sababu waliamini kuwa picha iliyo salama gizani haijamfikia mwenyewe.

Historia ya majumba mengine nayo, ukiichunguza, ni historia ya swali hilohilo. Uffizi ilijengwa kuanzia 1560 iwe ofisi za watawala wa ukoo wa Medici. Ukoo ulipofikia ukingoni mwaka 1737, mrithi wa mwisho, Anna Maria Luisa, alitia saini mkataba wa kuikabidhi hazina yote ya familia yake kwa sharti kwamba isitolewe Florence. Bila mwanamke huyo, picha za Botticelli pengine zingekuwa zimetawanyika kwa wafalme wa nchi kumi. Louvre ilifunguliwa kwa umma tarehe 10 Agosti 1793, mwaka mmoja kamili tangu ufalme uangushwe. Ikulu ikageuka mali ya raia.

Ila hapohapo Louvre ndipo swali linapouma. Mbele ya Mona Lisa, nyuma ya migongo ya watu wenye simu, imetundikwa Arusi ya Kana ya Veronese, yenye upana wa karibu mita 10. Veronese aliichora kwa ajili ya ukumbi wa chakula wa watawa wa San Giorgio Maggiore huko Venice, na majeshi ya Napoleon yakaichukua mwaka 1797. Jamhuri iliyowapa raia wake mali ya mfalme iliwanyang'anya wengine mali yao. Tangu 2007 ukumbi ule wa Venice una nakala tu.

Kwetu sisi jambo hili lina jina: ngadji. Ni ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902 na kufikishwa British Museum, ambako imewekwa ghalani. British Museum haitozi kiingilio, na hilo nalisifu kwa dhati. Mgeni yeyote anapita mlangoni bila kutoa senti. Lakini Mpokomo anayetaka kuiona ngoma ya wazee wake aanze kwa kuomba viza, kisha aombe afunguliwe ghala. Sheria ya bunge la Uingereza ya 1963 inawabana wadhamini wa jumba hilo wasitoe vitu vilivyomo. Sheria hutungwa na watu, na watu hao wanaweza kuibadili. Kwa kipimo changu, jumba haliwezi kujiita la dunia nzima huku likimweka nje mwenye ngoma.

Nawaambia wasomaji wasio na nauli ya kufika huko, nao ndio wengi, kwamba kuna mlango mmoja uliofunguliwa vizuri. Rijksmuseum inatoa bure mtandaoni picha zake zilizopigwa kwa ubora wa juu, na mwaka 2022 ilitoa ya Doria ya Usiku, kazi ya Rembrandt ya 1642, yenye pikseli bilioni 717. Aliye Mtwara mwenye bando anaweza kuisogelea hadi aone nyufa za rangi kwenye gauni la yule msichana mwenye kuku kiunoni.

Wala kipimo hiki hakiishii ng'ambo. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, alitumia maisha yake kukusanya sanaa ya Afrika, na akahakikisha inabaki nchini. Nyumba yake ya Muthaiga, aliyotaka iwe kituo cha utafiti, ilikuja kubomolewa, na huo ni uchungu ambao hatujaulipia. Sehemu ya hazina yake imo katika jengo la Kumbukumbu za Taifa, kati ya Moi Avenue na mtaa wa Tom Mboya, pale ambapo maelfu ya watu huahidiana kukutana wakaishia kusubiriana nje. Wahariri wa toleo hili tumelipa kurasa nyingi sawa na tulizoipa Prado. Ukiwa Nairobi na basi lako bado lina saa moja kuondoka, ingia ndani.