Mvua Iko Mlimani, Mafuriko Tambarare

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotuhusu sisi wa Wilaya ya Same kila vuli inapokaribia.

Wapita njia hudhani Same ni ukame tu, kwa kuwa wakiwa ndani ya basi huona vumbi na mkonge. Lakini mvua yetu hunyesha Upareni juu. Inaweza kupiga huko usiku kucha na huku chini tunaziona nyota. Asubuhi korongo lililokuwa kavu, ambalo watoto hulivuka kwenda shule, linashuka na maji, mawe na magogo. Mtu anachukuliwa na mvua ambayo hakuiona.

Mlimani kwenyewe hatari ni nyingine. Novemba 2009 udongo uliporomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 20.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari mapema, nasi tunashukuru. Lakini tahadhari hutaja mikoa. Mkoa hauhami, ndugu Mhariri; wanaohama ni watu wa nyumba fulani katika kitongoji fulani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Kamati hizo ndizo zinazopaswa kujua nyumba zipi ziko chini ya mteremko wenye nyufa, wazee na wagonjwa watabebwa na nani, watalala wapi, na nani atapiga kengele usiku. Kamati inayokutana baada ya maafa ni kamati ya mazishi.

Pa kuanzia tunapo. Wapare tuna msaragambo, ambapo kila nyumba hutoa mtu kuzibua mifereji na kutoa tope ndani ya ndiva. Kazi hiyo ifanywe Septemba, na siku hiyo hiyo kingo za ndiva na miteremko vikaguliwe. Ndiva hukinga maji usiku ili mchana yamwagilie mashamba. Usiku wa mvua kubwa, mwenye zamu akiifunga kama kawaida, ukuta wa udongo unaweza kupasuka juu ya jirani zake. Hilo lisiachwe liamuliwe na mtu mmoja gizani.

Halafu kuna simu. Mashamba ya mpunga ya Ndungu hupata maji ya Mto Yongoma uteremkao kutoka milimani. Maji yale yale yakizidi, hao hao ndio wa kwanza kuyapata. Aliye juu anaona mto umebadilika rangi mapema kuliko aliye chini. Je, ni wenyeviti wangapi wa vijiji vya tambarare wenye namba ya simu ya mwenzao wa juu? Naomba viongozi wetu wa wilaya wawaulize kabla ya Oktoba.

Mkulima,
Same.