Tuwapime Wagombea wa Lamu kwa Haki ya Mshitakiwa



Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027 waja. Sisi watu wa visiwa vya Lamu tulio katika kazi za reli huku Mombasa twaletewa habari za wagombea: huyu ataleta barabara, yule atajenga gati. Neno moja hatulisikii. Mtu maskini akikamatwa na polisi, atatendewaje? Twasema hilo nalo liwe kipimo.

Jambo hili twalijua tangu kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema mfanyakazi asiachishwe kwa kosa kabla ya kuelezwa kosa lake na kusikilizwa, mwenziwe au mjumbe wa chama akiwapo. Haki hiyo twaitetea sana. Basi ikiwa twaitaka kwa mtu atakayepoteza kazi, mbona tumnyamazie atakayepoteza uhuru wake?

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 chataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani upesi, kwa kawaida ndani ya saa 24, na apewe dhamana kwa masharti ya kiasi isipokuwa kuna sababu nzito. Tena kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimweki mtu rumande. Maneno mema hayo. Lakini mvuvi wa Kizingitini akishitakiwa mjini Lamu, jamaa zake hawana budi kuvuka bahari ili wamdhamini. Wasipokuwa na nauli wala fedha, yeye hulala ndani na Katiba yake.

Tukumbuke pia 2014. Mwezi Juni makumi ya watu waliuawa Mpeketoni, na kila mtu alitaka usalama. Serikali ikatoa amri ya kutotoka nje usiku, na wavuvi wakakatazwa kuvua usiku. Katazo hilo likadumu miaka. Desemba mwaka ule Bunge, katikati ya fujo, likapitisha marekebisho ya sheria za usalama. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu 8 vyake kwa kuwa vilikiuka Katiba. Waliovipitisha ni wabunge, watu waliochaguliwa na wapiga kura kama sisi.

Wako watakaosema kwamba tunawatetea wahalifu. La! Mwizi na muuaji wafungwe. Lakini raia anayeogopa polisi hapeleki habari, na pasipo habari muuaji hakamatwi.

Sheria ya jinai, polisi na magereza ni mambo ya serikali ya taifa. Kwa hiyo wanaotaka ubunge wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, useneta na uwakilishi wa wanawake waulizwe haya:

1. Sheria ya Msaada wa Kisheria ni ya 2016. Utafanya nini ili fedha zitengwe na wakili amfikie maskini wa visiwani?

2. Utadai hakimu awafuate watu Faza na Kiunga kwa siku maalumu?

3. Mamlaka ya kuchunguza makosa ya polisi iliundwa kwa sheria ya 2011. Mtu akipigwa kituoni au akipotea, utaitaka ije Lamu, au utanyamaza?

4. Kama umepata kuwa bungeni, sheria hizi zilipokuja ulipiga kura gani?

Mwakilishi wa wadi hawezi kubadili sheria ya jinai, lakini Bunge la Kaunti hutunga sheria zenye faini kwa wachuuzi na wenye vyombo. Naye aulizwe faini hizo ni za kiasi gani, na asiyeweza kulipa atafanywaje.

Anayejibu "nitaangalia" hajajibu. Anayejibu "nitawafunga wote", na anayejibu "nitawatoa wote", ni mamoja; hakuna hata mmoja aliyesema ataitumia sheria gani. Ndugu zetu mlioko nyumbani, ulizeni mbele ya watu, yaandikeni majibu, kisha yalinganisheni barazani kabla ya siku ya kura. Watu husema mnyonge hana haki. Sisi tulioingia chama tuliingia kwa kuwa neno hilo hatulikubali.