Dawa Ni Moja, Miili Si Moja

Mtu akipatikana na saratani hapa kwetu pwani, jambo la kwanza jamaa hulifanya ni kulificha jina. Wageni huambiwa anaumwa na tumbo, au ana jipu. Neno lenyewe hulisikia siku ya matanga, na hata hapo husemwa kwa sauti ya chini. Sababu zake nazielewa: wengine huona haya, wengine huogopa kijicho. Lakini siri hii, ndugu wasomaji, yaweza kumwua mtu mwingine kabisa asiye na habari, ndugu wa tumbo moja na mgonjwa.

Kuna dawa ya tibakemia, ambayo wengi huiita kemo tu, iitwayo fluorourasili. Charles Heidelberger na wenziwe waliitangaza huko Marekani mwaka 1957, na hadi leo hutumika sana kwa saratani ya utumbo mpana, ya tumbo, ya matiti, na ya kichwa na shingo. Inaye nduguye wa kumeza, kapesitabini, ambayo ikishaingia mwilini hugeuka kuwa fluorourasili ile ile. Ni sumu, wala hakuna anayeficha kuwa ni sumu. Kazi yake ni kuua chembe zinazozaana kwa haraka. Linalomwokoa mgonjwa ni kwamba mwili wake huivunja. Zaidi ya asilimia 80 ya dawa huvunjwa, hasa katika ini, na kimeng'enya kimoja kiitwacho dihaidropirimidini dihaidrojenasi. (Lau mwalimu wetu wa chuoni angetutaka tulihifadhi jina hili, bakora zingekwisha. Madaktari wenyewe husema DPD, nasi tuwafuate.)

Sasa, si kila mtu ana DPD ya kutosha. Ulaya hukadiriwa kuwa watu kati ya 3 na 8 katika kila 100 wana upungufu wa kiasi. Wasio nayo kabisa ni wachache mno. Mwenye upungufu wa kiasi huishi mzima, akala, akaoa, akazaa, asijue lolote mpaka siku ya dawa. Apewapo kipimo wapewacho wenziwe, dawa haiishi mwilini. Yarundikana. Kinywa chachubuka, tumbo laharisha bila kukoma, chembe nyeupe za damu zaporomoka, homa yaingia. Wengine hufa, na waliouawa na dawa huandikwa kuwa wameuawa na maradhi.

Hapa ndipo ninapogombana na mazoea yetu. Kwetu dawa kali husifiwa. Ikimwangusha mtu twasema imeshika. Mgonjwa wa vidonge yuko nyumbani, ameza asubuhi na jioni, mdomo umejaa vidonda, na mama mkubwa amwambia avumilie, dawa inapigana na ugonjwa. Asivumilie. Anayeharisha sana, au aliyechubuka kinywa hata chakula hakipiti, aache kumeza na aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe iliyoandikwa katika kadi. Dawa ya kumwokoa ipo, yuridini triasetati, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, lakini lazima ianzwe ndani ya saa 96 tangu dozi ya mwisho, na bei yake ni ya kutisha. Mtu wa Likoni au Lamu asiiwekee matumaini.

Na akifa, twasema ni kudra. Ni kudra, nani atakana? Lakini kudra haikumkataza mtu kupima kwanza. Sisi washairi hugombana mwezi mzima kwa mizani moja iliyozidi katika mshororo, na mshororo haujamwua mtu.

Kupima kwawezekana. Ufaransa imekwisha kuufanya upimaji kuwa lazima kabla ya dawa hizi kutolewa, na mwaka 2020 shirika la dawa la Ulaya likapendekeza vivyo hivyo. Mwenye upungufu wa kiasi huanzishiwa dozi ndogo, mara nyingi nusu, kisha huongezwa kwa kadiri mwili unavyopokea. Asiye nayo kabisa hutafutiwa dawa nyingine. Ila mgonjwa asijipunguzie mwenyewe kwa woga, maana dozi iliyo haba huipa saratani nafasi.

Njia za kupima ni mbili, nazo hazilingani. Moja huchungulia urithi wenyewe, ikitafuta mabadiliko manne yaliyofahamika zaidi kwa watu wa Ulaya. Lakini liko badiliko jingine, Y186C, lionekanalo kwa watu wa asili ya Afrika, wala halimo katika hayo manne. Kwa hiyo mtu wetu aweza kuambiwa yu salama kwa karatasi iliyotungwa kwa ajili ya Mzungu. Njia ya pili hupima urasili iliyomo katika damu. Hiyo haiulizi asili ya mtu. Taabu yake ni kuwa damu ikikaa katika joto kiasi hicho hupanda chenyewe, na joto letu la kaskazi mwalijua. Maabara isiyokuwa na haraka wala barafu itatoa jibu la uongo.

Turudi kwenye siri. Upungufu huu hurithiwa. Ukionekana kwa mtu, kila nduguye wa baba na mama mmoja ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa nao. Na kwetu, ambako binamu huoana, wazazi wote wawili waweza kuwa nao, mtoto akaurithi pande zote mbili. Sisemi watu waache kuoana. Nasema kaka aliyenusurika kwa tundu ya sindano baada ya dozi ya kwanza amwambie dada yake, kwa jina la ugonjwa na kwa jina la dawa, hata kama majirani wataendelea kuambiwa ni jipu.

Na kabla ya dozi ya kwanza, daktari aulizwe: nimepimwa DPD? Akijibu kuwa kipimo hakipo hapo, aulizwe ni siku gani katika wiki ya kwanza atakitazama tena kinywa na kuipima damu. Mgonjwa akiona haya kuuliza, aulize aliyemsindikiza.