Mwenye Kazi Aambiwe Kwanza



Fundi cherehani wa Jabe akikuta mkazo wa uzi umebadilishwa usiku, kazi ya asubuhi huharibika. Yaliwapata pia watumiaji wa Vim, programu ya kuandikia katika kompyuta, ya Bram Moolenaar, Mholanzi aliyewaombea msaada watoto wa Kibaale, Uganda. Mwaka 2016 toleo la 8.0 liliwasha kipanya kwa asiye na mipangilio yake. Mwaka 2017 wasambazaji wa Debian 9 wakalipitisha hivyo. Waliozoea kunakili kwa kipanya wakakwama.

Msambazaji ana haki ya kumrahisishia mgeni. Lakini atangaze kwanza, na njia ya zamani ibaki wazi. Viwandani nasi tudai hivyo: mashine isigeuzwe kabla ya zamu kuambiwa!